Umbo la mbuta lafichua siri ya Ziwa Victoria

MJADALA kuhusu samaki aina ya mbuta katika Ziwa Victoria kwa miaka mingi umetawaliwa na hesabu ya tani zinazovuliwa. Hata hivyo, mwili wa samaki mwenyewe hutoa ushahidi ambao haustahili kupuuzwa.

Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, si mwenyeji wa ziwa hilo. Aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa ameangamiza aina nyingi za fulu, samaki wadogo wa asili. Chakula hicho kilipoadimika, aligeukia uduvi, omena na hata watoto wake mwenyewe.

Njaa hiyo ilidhihirika mwilini. Utafiti wa mwanasayansi wa Uganda, Richard Ogutu-Ohwayo, uliochapishwa mwaka wa 1999, ulionyesha kwamba uzani wa mbuta katika maziwa ya Victoria, Kyoga na Nabugabo ulikuwa umeshuka ukilinganishwa na wa samaki wa urefu uo huo waliovuliwa awali. Kwa ufupi, walikuwa wamekonda.

Uvuvi ulipozidi na mbuta kupungua, baadhi ya fulu walianza kurejea miaka ya 1990. Katika Ziwa Nabugabo nchini Uganda, mbuta waliosalia waliwarudia samaki kama kitoweo chao. Walaji wakiwa wachache, kila mmoja hupata fungu kubwa zaidi.

Je, basi wavuvi waachwe wavue watakavyo? La hasha. Uvuvi usiodhibitiwa haupunguzi idadi pekee. Huwamaliza wakubwa na kuwapa nafasi wale wanaokomaa wakiwa bado wadogo, badiliko ambalo tayari limeshuhudiwa Ziwa Victoria. Hasara yake ni kubwa kwa kuwa jike kubwa hutaga mayai mengi mno kuliko jike dogo.

Ndiyo maana Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana kwamba mbuta anayeruhusiwa kuvuliwa awe na urefu wa kati ya sentimita 50 na 85. Lakini sheria hiyo inamkabili mvuvi mwenye karo ya kulipa, na soko la mabondo ambalo humfanya samaki mkubwa awe na thamani zaidi akiwa amekufa.

Kupima urefu pekee hakutoshi. Maafisa wa uvuvi wanapaswa pia kumpima samaki uzani na kuchunguza iwapo amekomaa. Mbuta mrefu aliyekonda huashiria ziwa lililopungukiwa chakula. Mbuta mnene aliyekomaa akiwa mdogo huashiria kwamba wakubwa wamevuliwa kupita kiasi.

Hayo ni maradhi mawili tofauti, na kuyatibu kwa dawa moja ni kuhatarisha riziki ya jamii nzima za ufuoni.