Pikipiki ikigoma ikiwa ya moto, msikimbilie spea!

Mitihani imeisha, hosteli kimya, sasa niseme lililonikaa rohoni tangu nitoke likizo kwetu Ikola. Ni hizi Honda za zamani, CG125 na ndugu zake. Asubuhi inawaka kwa kiki moja. Ukifika Karema ukazima usalimie watu, haiwaki tena mpaka ipoe.

Fundi anasema nini? "Badili kabureta." Isipopona, "koili." Isipopona, "pistoni imekwisha." Mzee mmoja mvuvi kanunua vyote vitatu na pikipiki bado inagoma. Jamani, huo si ufundi, ni kamari. Anayecheza ni fundi, hela ni ya mzee.

Halafu kuna wale wa kumwagia injini maji. Ikiwaka wanashangilia! Maji ya baridi kwenye chuma cha moto yanaweza kukipasua, na ugonjwa unabaki pale pale. Kilichosaidia ni kupoa tu, hata ungekaa kivulini ingewaka.

Mimi nasema hivi: usinunue kitu kabla pikipiki haijajibu maswali matatu, na ijibu IKIWA YA MOTO. Ikishapoa imeshaficha ushahidi.

Kwanza, moto upo? Fungua plagi, ivalishe waya wake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na petroli na mbali na lile tundu, piga kiki. Cheche hamna, au ni hafifu? Jaribu plagi nyingine nzima. Bado? Shuku koili, na kwa zile za kale zenye platini, shuku kondensa. Waya wa shaba ukipata joto ukinzani wake unapanda kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili iliyochoka haihimili hapo.

Pili, plagi imelowa au kavu? Imelowa na cheche ipo, mafuta yamezidi: toa choki, fungua mafuta mpaka mwisho, piga kiki. Ni kavu? Fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa inavutwa ndani, tundu la kifuniko limeziba na petroli haishuki.

Tatu, kiki ni nyepesi kuliko asubuhi? Angalia tepeti. CG125 inataka nafasi ya milimita 0.08, ipimwe injini ikiwa baridi. Nafasi ikiisha, valvu ikitanuka kwa joto haifungi vizuri, mgandamizo unavuja.

Msiniambie Ikola hakuna vifaa. Maswali yote matatu yanataka spana ya plagi tu. Geji ya tepeti inakuja mwisho.

Na sisi walimu watarajiwa tusijifanye hatumo. Kutanuka kwa metali tunakufundisha darasani kwa mpira na pete, mtoto anakariri, anafaulu, anaenda kuwa fundi anayemwagia injini maji. Kwa nini somo lile lisifanyikie kwenye pikipiki ya mwalimu pale nje?

Kwetu pikipiki hiyo hiyo ndiyo inabeba mjamzito usiku. Ikizimika porini njia ya Mpanda, nani atamwambia asubiri injini ipoe?

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aje, ila aje na plagi mkononi.