Daktari Aachiwe Kuuliza

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Lakini yafaa nini mgonjwa kuwa tayari kusema, iwapo daktari amekatazwa kuuliza? Jambo hilo lilitokea Marekani mwaka 2011, pale Bunge la jimbo la Florida lilipopitisha sheria ya kuwazuia madaktari kuwauliza wagonjwa kama wanazo bunduki majumbani, au kuandika habari hizo katika majalada, isipokuwa waamini kwa nia njema kwamba zinahusu matibabu au usalama. Mwenye kuivunja aliweza kutozwa faini hadi dola 10,000, na hata kunyang'anywa leseni.

Watetezi wa sheria hiyo walidai kuwa wanalinda siri za raia na haki yao ya kumiliki silaha. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mama mmoja alikataa kujibu swali hilo, na daktari wa watoto akamwambia atafute daktari mwingine. Hata hivyo, dawa ya kosa kama hilo ni kukataza ubaguzi, wala si kukataza swali. Daktari wa watoto huuliza juu ya bunduki kama aulizavyo juu ya sumu na bwawa la kuogelea, ili ajali izuiwe kabla haijatokea. Asiyependa kujibu ana hiari ya kunyamaza. Na ule mwanya wa nia njema haukutosha, kwani daktari anayehofia leseni yake ataona heri afunge mdomo.

Kesi ilichukua miaka. Hatimaye, Februari 2017, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 11 ilitangua vifungu vilivyozuia kuuliza na kuandika, kwa kuwa vilikiuka uhuru wa kusema. Majaji 10 kati ya 11 waliafiki. Kifungu kinachokataza kumbagua mgonjwa mwenye silaha kiliachwa. Sisi twaona kwamba mpaka uliwekwa pahali pake.

Serikali yo yote inayo haki ya kumwadhibu daktari mzembe, mbaguzi, au mtoboa siri. Bali itakapoanza kuchagua maswali ya kuulizwa chumbani mwa daktari, atakayeumia zaidi ni mgonjwa, ambaye hatajua kamwe kwamba lilikuwapo swali alilostahili kuulizwa.