Mama Mkulima, Tangaza Chakula Chako

Wahenga walisema: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii ni nzuri. Lakini kwa upande wa chakula, siku hizi haitoshi.

Nenda gulioni ujionee. Soda ina bango kubwa ukutani. Biskuti zina karatasi ya kung'aa. Redioni zinasifiwa kwa nyimbo. Je, mnavu unasifiwa na nani? Ulezi, kunde, karanga, dagaa na majani ya maboga vinasifiwa na nani? Hakuna. Vimewekwa chini juu ya gunia, vimenyamaza. Na mama aliyevileta amenyamaza pia.

Mimi nasema kunyamaza huku kunatuumiza. Wanaoumia zaidi ni watoto wetu.

GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Mwaka 2022 ulifanyika utafiti wa afya katika nchi yetu nzima. Ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Lakini tatizo si ufupi tu. Huugua mara kwa mara, akili yake haikui vizuri, na akifika shuleni hupata taabu kujifunza.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Mkoa ulioongoza ni Iringa. Huko watoto 57 kati ya 100 walikuwa wamedumaa. Njombe na Rukwa ilikuwa karibu 50 kati ya 100. Je, mikoa hiyo haina chakula? Kinyume chake. Ni mikoa ya mahindi, maharage na viazi. Inalisha na watu wa mikoa mingine.

Basi kwa nini mtoto adumae karibu na ghala? Sababu si moja. Mtoto hupewa uji mweupe mtupu asubuhi na ugali jioni, bila mboga, bila matunda, bila kitoweo. Mama huenda shamba alfajiri, na mtoto akala mara 1 au 2 kwa siku. Maji machafu humletea kuhara, na kuhara humwondolea hata kile kidogo alichokula.

Mahindi humpa mtoto nguvu. Lakini hayatoshi kumjenga mwili wala kumlinda na maradhi. Kazi hizo zinataka kunde, maharage, karanga, dagaa, mayai, mboga za majani na matunda. Vingi kati ya hivyo vinapatikana hapa hapa kijijini.

MWALIMU NI MAMA MKULIMA

Sisi wa zahanati tulifundishwa darasani kwamba mboga za kijani zina vitamini A na madini ya chuma. Ni kweli. Lakini nani anajua kupunguza uchungu wa mnavu? Nani anajua kukausha kunde na mlenda vilike kiangazi? Nani ametunza mbegu ya ulezi aliyoachiwa na bibi yake? Ni mama mkulima.

Mhudumu wa zahanati akisimama na kusema, "Kuleni mboga za majani," kina mama humsikiliza kwa adabu, kisha huenda zao. Akisimama mama mwenzao mwenye sufuria na mwiko, wanasogea karibu. Wanaonja. Wanauliza, "Umetia nini, mama?" Hapo ndipo elimu inapoingia.

Waulizeni wazee. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana, kisha wakatenda. Wakati ule redio ilizungumza na kijiji. Sasa naomba mama wa kijijini azungumze na watu wote.

"HICHO NI CHAKULA CHA MASKINI"

Wako watu wanaoona haya kumpikia mgeni mlenda au ugali wa mtama. Wanasema ni chakula cha maskini. Si kweli. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa mtama, uwele na ulezi duniani, kwa sababu nafaka hizi zina lishe na zinavumilia ukame. Ikiwa dunia inazisifia, kwa nini wewe unayezilima uzionee haya? Usiache mbachao kwa msala upitao.

JINSI YA KUTANGAZA

Kwanza, gulioni usiuze mboga mbichi tu. Pika kidogo, tia karanga zilizopondwa, watu waonje. Mweleze mnunuzi: mboga huoshwa kabla ya kukatwa, haipikwi muda mrefu, na mafuta kidogo au karanga husaidia mwili kuipata ile vitamini A.

Pili, tumieni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila baada ya miezi 3. Watoto wanapopimwa, kina mama 2 au 3 waonyeshe mapishi. Ombeni nafasi hiyo kwa serikali ya kijiji.

Tatu, jiandaeni kwa siku za wakulima. Tarehe 8 Agosti ni Nane Nane. Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Wanawake wa Vijijini Duniani, na kesho yake ni Siku ya Chakula Duniani. Siku hizo asionyeshwe ng'ombe mnono peke yake. Uonyeshwe na uji mzito wa ulezi wenye karanga.

Nne, zungumzeni na mama lishe wa stendi. Akipika kisamvu na kunde kila siku, wasafiri watavizoea na ninyi mtapata soko.

TANGAZA KWA UKWELI

Usiseme chakula chako kinaponya kisukari au ukimwi. Huo ni uongo, na unaweza kumfanya mgonjwa aache dawa. Sema tu kwamba kinajenga mwili na kuulinda.

Kisha uza kitu safi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hii hutoka kwenye ukungu unaoota katika mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Kupika hakuiondoi. Basi anika juu ya turubai au chanja, siyo kwenye udongo. Punje zenye ukungu zitenge, usizile, usizisage, wala usimuuzie mtu.

FUNGU LA KWANZA NI LA NYUMBANI

Hapa nataka tuelewane vizuri. Mama akiuza mayai yote, kisha akamnunulia mtoto soda na biskuti, amepata hasara. Soda ni maji na sukari tu. Yai lingemjenga mtoto mwili. Kwa hiyo kabla ya kupanga mafungu ya kuuza, tenga la mtoto wako. Mtoto ambaye hajafika miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo aendelee kunyonya, na apewe vyakula mchanganyiko.

Nanyi kina baba, mnahusika. Mama hawezi kulima, kuchota maji, kupika, kunyonyesha na kwenda kutangaza mboga, peke yake. Chota maji. Mlishe mtoto mama akiwa gulioni. Fedha ya mboga mwachie mama, maana ndiyo inayorudi katika chungu. Na shamba lenye rutuba lisiwe la zao la baba tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Ndugu msomaji, gulio lijalo pita kwa mama anayeuza mnavu au kunde. Muulize zinapikwaje. Nawe mama, ukiulizwa, inua kichwa ujibu kwa sauti, hata wa mbali wasikie. Unalolijua ni elimu, na kuna mtoto wa jirani anayeihitaji leo.