Ada Hii Itabebwa na Nani?



Twasikia siku hizi sifa nyingi za sarafu za mtandaoni, Bitcoin na wenzake. Wasifuji wasema mwenye duka atalipwa bila ada na mteja hatakatwa kitu. Sisi twauliza neno moja: kupeleka fedha ni kazi, na kazi ina gharama. Nani atailipa?

Tuanze na tunayoijua. Ukilipa dukani kwa Lipa na M-Pesa hukatwi wewe, hukatwa mwenye duka, kiasi cha senti 55 katika kila Sh. 100, malipo yakizidi Sh. 200. Naye si mjinga, huitia katika bei ya unga. Lakini mama wa mbaazi na mahamri hupokea kwa Pochi la Biashara, na hapo mnunuzi ndiye akatwaye. Mwaka 2023 malipo ya Sh. 150 yalikatwa Sh. 7, na ya Sh. 1,000 yalikatwa Sh. 13. Mwenye kidogo ndiye aumiaye zaidi.

Kwa Bitcoin jambo hilo huzidi. Ada yake haitazami umelipa kiasi gani. Hutazama nafasi ambayo malipo yako yachukua katika daftari lao kuu, na daftari likijaa watu hushindana kama mnadani. Tarehe 20 Aprili 2024 ada ya wastani ilipita dola 100 kwa malipo mamoja, yawe ya mahamri au ya meli. Iko njia ya pembeni, Lightning, ambayo ada yake ni ndogo sana, hilo twalikubali. Lakini muuza mboga atakwenda Kongowea kununua sukumawiki kwa shilingi. Lazima ageuze, na mgeuzaji hukata chake. Serikali nayo imo: mwaka 2023 ilitoza asilimia 3 ya thamani yote, na mwaka 2025 ikaifuta, ikaweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za wafanyabiashara wa sarafu hizo.

Wenzetu wa Bangladesh, kule Mikindani, walijaribu njia nyingine mwaka 2013. Wachuuzi walitoa vocha zao wenyewe, Bangla-Pesa, wakauziana bila mtu wa katikati. Watu 6 walikamatwa, kisha mashtaka yakaondolewa mwaka ule ule. Vocha ile haikuwa na ada kwa sababu ilizunguka mtaani kwao kwa kuaminiana. Nje ya mtaa haikununua kitu.

Mwanachama akitaka kununua Bitcoin kwa fedha yake, ni hiari yake. Mshahara ni jambo jingine. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 17, yasema mshahara ulipwe kwa fedha ya Kenya, wote. Mwajiri akikulipa kwa sarafu ya mtandaoni, amekutwika wewe ada ya kugeuza na hasara ya bei kushuka kabla hujafika dukani, na kitabuni mwake ataandika amelipa kamili. Hatukubali. Na kwa njia yoyote ya simu atakayoitumia mwajiri, ada ya kupeleka iwe juu yake.

Atakayeletewa karatasi ya kukubali malipo ya namna hiyo asitie sahihi. Ailete kwanza kwa mwakilishi wa chama kazini kwake.