Maziwa ya chotara yapimwe ubora, si lita pekee

Wafugaji wa miteremko ya Mlima Meru, kuanzia Ngaramtoni hadi Tengeru na Usa River, wamekuwa wakibadili ng'ombe wao kwa miaka mingi. Zebu wa asili hupandishwa kwa mbegu ya Friesian, na chotara anayezaliwa naye hupandishwa tena kwa Friesian, lengo likiwa moja tu: lita nyingi.

Lengo hilo si baya. Zebu akitoa lita 2 kwa siku zenye protini asilimia 3.5, mfugaji hupata gramu 70 hivi za protini. Chotara akitoa lita 8 zenye asilimia 3.2, hupata zaidi ya gramu 250. Hivyo, anayedai kuwa chotara ameharibu maziwa anakosea.

Tatizo huanza pale damu ya Friesian inapoongezwa bila kujiuliza maziwa yanakwenda wapi. Kadiri damu hiyo inavyozidi, lita hupanda lakini protini na mafuta katika kila lita hupungua. Anayeuza maziwa ya chai mjini Arusha anaweza asione tofauti. Kwa mtengenezaji wa mtindi au jibini, hiyo ni hasara. Kinachoganda ni kaseini, ambayo ni takriban asilimia 80 ya protini yote ya maziwa. Ikipungua, mtindi huwa mwepesi, na jibini huwa kidogo kwa lita zile zile.

Jersey anastahili kufikiriwa. Protini ya maziwa yake hukaribia asilimia 3.8, na mara nyingi kaseini yake huganda vizuri zaidi. Umbo lake ni dogo, hivyo hula kidogo kuliko Friesian, jambo la maana kwa mwenye nusu eka ya migomba na kahawa. Ayrshire yuko katikati. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC) kipo hapo hapo Usa River, kwa hiyo mfugaji asimwachie mhimilishaji amchagulie mbegu. Aulize jina la dume na aliandike kwenye daftari, asije akampandisha mtamba kwa mbegu ya baba yake.

Hata hivyo, mbegu pekee haitoshi. Ng'ombe anayeshindia migomba na mabua makavu hukosa nguvu, na protini ya maziwa hushuka hata awe Jersey. Anahitaji mabingobingo machanga, pumba na mashudu. Ugonjwa wa kiwele nao hupunguza kaseini.

Lakini kwa nini mfugaji ahangaike iwapo bei ya lita ni ile ile? Hapo wanunuzi wana wajibu. Laktomita husaidia kugundua maziwa yaliyotiwa maji, haipimi protini. Nchini New Zealand mfugaji hulipwa kwa kilo za mafuta na protini, si kwa lita. Wasindikaji wa Arusha wanaweza kuanza kidogo kidogo: kupima sampuli ya kila kikundi mara moja kwa wiki na kuwalipa nyongeza wenye maziwa mazito. Vyama vya ushirika vidai jambo hilo.

Bei ikiendelea kuangalia lita pekee, mfugaji atafuata lita, na msindikaji asimlaumu mtindi unapokuwa mwepesi.