Kompyuta Kuukuu Si Takataka

Yako maneno yanayosemwa maofisini na madukani, kwamba kompyuta ya mkononi iliyotimiza miaka kumi haina kazi tena ila kutupwa. Sisi hatukubaliani nayo. Mfanyakazi anayeyaamini hutoa jasho la miezi mingi kununua nyingine, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda.

Na tutoe mfano. Kompyuta ya ThinkPad T440p ilitolewa mwaka 2013, na nyingine zilitoka kiwandani na prosesa ya Core i5-4300M yenye viini 2. Prosesa hiyo haikulehemiwa. Imekaa katika soketi. Fundi hufungua kifuniko cha chini, huondoa feni na bomba la joto, hugeuza kufuli la soketi kwa bisibisi, kisha huitoa prosesa ya zamani na kuweka Core i7-4702MQ yenye viini 4. Zote mbili zimepimwa kwa wati 37, basi feni haitwishwi mzigo mgeni. Kabla ya kufunga, fundi hupaka dawa mpya ya kupitisha joto. Kompyuta iliyohukumiwa kufa hurudi kazini.

Hata hivyo hatupendi kumdanganya mtu. Aandikaye barua na kutunza hesabu za chama cha ushirika hataona faida kubwa kwa prosesa mpya. Yeye yampasa kwanza kuondoa diski ya kuzunguka na kutia ya SSD, kisha aongeze kumbukumbu. Prosesa humfaa zaidi mwenye kazi nzito, kama kuhariri picha za video. Tena ajue kwamba huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za kizazi hicho, hata iliyo na nguvu. Dawa yake ni Linux, ambayo hupatikana bure.

Lakini liko jambo linalotuudhi, nalo twalisema wazi. Mlango huu umefungwa. Mwaka ule ule wa 2013 ndugu yake T440p, yaani T440s, alikuja na prosesa iliyolehemiwa. Tangu kizazi cha tano cha Core, Intel imeziuza prosesa zake za kompyuta za mkononi kwa kulehemiwa tu. Katika kompyuta nyingi nyembamba, hata kumbukumbu imelehemiwa. Watengenezaji hujibu kwamba wanunuzi wanataka wembamba na wepesi. Haya, wepesi ni jambo jema. Lakini kifaa kinapochoka, nani hulipa? Halipi mtengenezaji. Hulipa mwenye mshahara mdogo, na fundi wake hukosa kazi.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu, na hasa wale wanaonunulia shule, ofisi na vyama, wasitoe fedha kabla ya kuuliza: Je, kumbukumbu yaongezeka? Je, diski yabadilika? Je, betri yatoka bila kuvunja kitu cho chote? Muuzaji asiyeweza kujibu, na aachwe na mali yake. Mnunuzi anayo nguvu kabla ya kulipa. Akisha kulipa, nguvu hiyo imekwenda kwa mwingine.