Mark X shepu mpya si kali vile mnaambiwa

Wacha niwaudhi wasee wa Mark X kidogo. Ile shepu mpya ambayo yadi za Ngong Road wanakuongezea bei wakisema "injini yake ni moto kuliko ya zamani", kama ni ya lita 2.5, haina injini mpya. Injini ni ile ile.

Shepu ya kwanza ilitoka 2004 ikarithi kiti cha Mark II. Namba yake ya chesisi inaanza na GRX120. Ya pili ikaja Oktoba 2009, GRX130, na ikatengenezwa hadi Desemba 2019. Za 2.5 zote zina V6 inaitwa 4GR-FSE. Ya zamani Toyota waliiandikia nguvu ya farasi 215. Mpya je? 203. Umesoma poa, ilipungua.

Usikimbie kuiuza lakini. Farasi hao 12 walienda na mafuta. GRX120 iliundiwa petroli ghali ya Japani, ile ya oktani ya juu. GRX130 ikarekebishwa inywe petroli ya kawaida ya huko. Super yetu ya hapa Nairobi iko katikati ya hizo mbili. Ukiiweka kwa GRX120, sensa inasikia injini ikitaka kugonga, inachelewesha cheche, na nguvu fulani inapotea. Kwa hivyo zile 215 za karatasi huzioni hapa tao, na mabishano ya gani inaacha gani yanabaki ya taa na dashibodi. Mimi ningechukua mpya kwa sababu haisumbuki na mafuta yetu. Ya spidi niachieni.

Halafu kuna hewa, na hapa ndipo watu hawataki kusikia. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inavuta tu kile imepewa. Hesabu ya haraka ni kupoteza kama asilimia 1 kwa kila mita 100. Piga mwenyewe: 203 inabaki kama 167. Ndio maana msee akishuka Mombasa anarudi akiapa ati ndai "ilifunguka". Ilipumua tu, buda.

Ukishapita Limuru ukienda Nakuru uko zaidi ya mita 2,200. Mko watano ndani, mizigo imejaa nyuma, mbele kuna trela mbili zimefuatana mlimani na unataka kuzipita zote kwa upande wa wanaokuja. Hapo chini ya mguu una farasi kama 160, lakini kichwani uko na wale wa broka. Tofauti hiyo inalipwa kwa sekunde, na sekunde ndizo huna. Tumeimbiana kwamba Mark X ni roketi hadi mtoto wa miaka 22 ameamini, halafu tunatumiana picha za mabati yaliyokunjana tukisema "pole kwa familia".

Iliyopanda kweli ni ile kubwa. Shepu ya kwanza ilikuwa na 3.0, GRX121, farasi 256. Shepu ya pili ikaleta 3.5, GRX133, farasi 318. Hiyo ni hatua. Tena 3.5 inamwaga petroli sehemu mbili, ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa, kwa hivyo vali zinaoshwa. 4GR inamwaga ndani ya silinda peke yake. Vali hazionji petroli, masizi yanajijenga polepole, na ringi za pistoni zikichoka inaanza kula oili. Hapo hata hao 167 wako likizo.

Shida ya 3.5 ni kwamba inapita sisi 3,000, na ushuru wa bidhaa unaruka kutoka asilimia 25 hadi 35. Ndio maana ni chache barabarani, na ndio maana nembo ya 350S ina soko hapa River Road. Nimeona jamaa akibandikiwa moja kwa GRX130. Dakika tano, akaondoka amepata farasi 115 za gundi.

Hadithi mpya ya mabroka ni "hizi ndizo za mwisho". Hapo hawadanganyi sana: sheria ya miaka 8 inamaanisha iliyosajiliwa mara ya kwanza 2019 haiingii Kenya ikishapita 2026. Lakini ya mwisho kutoka kiwandani bado ni 4GR ya farasi 203. Kama unachukua mkopo wa logibuku juu yake, kwanza fungua boneti, soma namba ya chesisi, vuta kijiti cha oili, halafu iwashwe ikiwa baridi wewe ukiwa umesimama nyuma. Ikitoa moshi wa bluu, mwachie broka gari yake, ata kama ameshakuandikia risiti.